Kujua kusoma na kunyamaza



Mwezi uliopita tulisoma mu internat kitabu cha George Orwell, mwandishi wa Uingereza, alichokitoa mwaka 1945. Kwa Kiswahili wanakiita Shamba la Wanyama. Kitabu kilikuwa kimoja tu, basi mmoja wetu alisoma kwa sauti na wengine tukasikiliza. Mwanzoni tulicheka sana. Mwishoni hakuna aliyecheka.

Wanyama wanamfukuza bwana wa shamba na kuandika amri saba ukutani, ili wote wawe sawa. Lakini kusoma njo kulileta matata. Nguruwe wanasoma vizuri. Clover, farasi wa kike, anajua herufi zote lakini hawezi kuziunganisha ziwe neno. Boxer, farasi mwenye nguvu kupita wote, anafika herufi D na kusimama hapo. Kondoo wanashika maneno machache tu kichwani, wanayapigia kelele wakati wengine wanataka kusema. Basi nguruwe wanajitwalia maziwa na matunda. Msemaji wao, Squealer, anaeleza kwamba hawayapendi, wanakula tu ili akili zao ziweze kuongoza wengine. Na mtu akisita, anamtisha kwamba bwana wa zamani atarudi. Wakiisha kuvunja amri, wanaibadilisha ukutani. Clover anasikia moyoni kwamba kuko neno lisilo sawa, lakini atahakikisha namna gani?

Lakini aliyetuchoma sana si nguruwe. Ni punda, Benjamin. Yeye anasoma sawa na nguruwe, ila hasomei mtu. Boxer anapoanguka kwa kazi, nguruwe wanaita gari, wanasema anapelekwa hospitali. Wanyama wanamuaga. Ile siku njo punda anasoma kwa sauti maandishi ya gari: ni gari la mchinjaji wa farasi! Amechelewa. Gari linaanza kwenda, na nguvu za Boxer zimekwisha.

Tulipofunga kitabu, mmoja wetu alisema neno lililotunyamazisha sote. Wakati wa likizo, koko wake alimpa barua amsomee. Mjomba alikuwa ametuma feza: nusu ya dawa ya koko, nusu ya daftari za mjukuu. Yeye akasoma kwamba zote ni za shule. Koko akamshukuru Mungu, akampa zote. Ndugu yetu akasema: «Hakuniomba kuangalia barua. Angeona nini?»

Hatukumhukumu, kwa maana kila mmoja alikumbuka yake. Mwingine aliona jirani akitia kidole kwa karatasi ya shamba. Aliisoma juu ya bega lake, akaona si vile walivyomweleza, lakini akanyamaza, akisema ni mambo ya wakubwa.

Wandugu, tunapenda kusema uongo wa wakubwa unatoka mbali, huko juu. Sisi tumeona unaweza kuanza kwa barua ya koko. Aliyesoma anaweza kuwa Squealer, na kama hataki, ni rahisi kuwa Benjamin.

Tumepatana hivi: likizo inayokuja, tutasoma kila barua neno kwa neno, na kila mmoja atafundisha mtu mmoja wa nyumbani kusoma. Yule ndugu anasema ataanza kwa koko wake, na kitabu chao cha kwanza kitakuwa ile barua.

Ni sisi, wanafunzi wa kalasi ya tano.