Aliyechora Jinamizi Lake

Wengi wetu hapa kambini tunaijua kazi ya H. R. Giger bila kulijua jina lake. Yule mnyama wa filamu ya Alien, ile ya 1979, mweusi, kichwa kirefu, macho hayaonekani, mwili kama mabomba ya injini: ametoka kichwani mwa Giger. Kwenye kibanda cha video watu walipiga kelele, wengine wakacheka ili wasionekane waoga. Mimi nikajiuliza: mtu anayewaza kitu kama hiki alikulia kwenye vita gani?

Kumbe hakuna vita. Alizaliwa 1940 huko Chur, Uswisi, nchi iliyokaa pembeni Ulaya ilipokuwa inawaka moto. Baba yake alikuwa mfamasia. Siku moja alileta nyumbani fuvu la mtu, na mtoto akalifunga kamba akalivuta barabarani kama gari la kuchezea. Baadaye alisomea usanifu wa majengo na wa bidhaa za viwandani, Zürich.

Shida yake ilikuwa usiku. Ndoto zilimtesa, basi akaanza kuzichora ili apumue. Alipuliza rangi kwa bomba dogo la hewa, kama fundi anavyopaka gari, mpaka huoni nyama inaishia wapi na chuma kinaanzia wapi. Mtindo huo aliuita baiomekaniki. Mwaka 1980 yeye na wenzake wakapewa Oscar kwa ile filamu.

Mdogo wangu ana miaka kumi na moja. Anachora watu wenye magurudumu badala ya miguu, na bunduki zenye meno. Mtoa huduma mmoja alitazama daftari lake akamwambia, kwa upole kabisa, “Chora jua basi, chora maua.” Dogo akachora ua. Wiki nzima hakugusa tena kalamu, na usiku kelele zilikuwa zilezile.

Sisemi kuchora ni dawa ya kila kitu. Li Tobler, mpenzi wa Giger, ambaye uso wake umo katika picha zake mashuhuri, alijiua 1975. Picha hazikumwokoa. Giger mwenyewe aliishi mpaka 2014. Jumba la makumbusho ya kazi zake lipo Gruyères tangu 1998, na watu wanalipa kiingilio kuziona ndoto za mtu mwingine.

Ndugu zangu wa mashirika, na nyie wazazi, mtoto akileta mchoro wa kutisha msifunue ukurasa haraka. Muulizeni: huyu ni nani? Mama alimuuliza dogo hivyo tu. Akajibu, “Huyu ndiye anakuja usiku. Lakini ona, gurudumu moja nimelitoa. Hawezi kukimbia.”

Sasa anachora tena. Daftari limebaki kurasa nne. Mwenye karatasi, hata iliyoandikwa upande mmoja, atuletee.