Nani Atuletee Dawa?

Mtu akitafuta kijana wa kuchunga ng'ombe zake, haulizi ujira tu. Huuliza kama kijana huyo hurudi na kundi zima jioni, na kama ndama akivunjika mguu atakuja kusema au atanyamaza. Lakini tukitafuta mtu wa kutuletea dawa za zahanati, mara nyingi twauliza bei, kisha twatia sahihi.

Mimi nimo katika kamati ya zahanati ya kijiji chetu hapa Ugogo. Mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mwenye homa mgongoni, akiambiwa "Dawa hakuna", hana budi kuuza kuku au debe la uwele, akanunue dukani mjini. Na asiye na kuku, je?

Dawa za vituo vya serikali hutoka kwanza Bohari ya Dawa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Lakini si kila dawa hupatikana huko kila siku. Zamani dawa ikikosekana Bohari, kila kituo kilijitafutia chenyewe, leo duka hili, kesho lile. Zahanati inayonunua makopo mawili haina nguvu ya kushindania bei. Tena muuzaji hakuwa na hofu, maana hakutazamia kuonana nasi mara ya pili. Duka moja lilituletea katoni ya dawa za watoto iliyobakiza wiki tatu tu kuisha muda wake, nasi tulitaka akiba ya miezi mitatu!

Mwaka 2014 mkoa wa Dodoma ulianza njia nyingine kwa msaada wa Waswisi. Iliitwa Jazia, kwa maana ilijazia pengo la Bohari. Wilaya za mkoa zilipatana kuchagua kwa zabuni mfanyabiashara mmoja, aitwaye mshitiri, kwa mkataba wenye bei zilizoandikwa. Kituo kiliagiza kwanza Bohari. Kilichokosekana kiliandikwa, maagizo yakakusanywa wilayani, ndipo yakapelekwa kwa mshitiri. Mwaka 2016 njia hiyo ilifika Morogoro na Shinyanga, na mwaka 2018 ikaenezwa nchini kote.

Kwa nini ilifaa? Wafanyabiashara hawakugeuka malaika. Ila mtu aliyepewa kazi ya mkoa mzima huona kwamba faida ya miaka ijayo yazidi ujanja wa siku moja. Lakini jihadhari: tukimtegemea mmoja, naye akilegea, twalegea sote. Kwa hiyo yatupasa kumchagua vizuri na kumwangalia daima.

Basi, ukiwa mjumbe wa kamati, au hospitali ya misheni ikikuomba shauri juu ya mtu wa kufua mashuka, kupika au kulinda, shika mambo haya.

Kwanza, aonyeshe leseni. Muuza dawa awe anatambuliwa na Baraza la Famasi, na dawa zake ziwe zimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Pili, nendeni mkaone ghala lake, kisha waulizeni wale aliokwisha kuwahudumia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tatu, bei ndogo isikupumbaze. Mtu asiyeweza kufika wakati wa mvua, makorongo yakijaa, bei yake ni kubwa hata akiuza nusu.

Nne, mkataba utaje siku za kuleta mzigo, muda ambao dawa ziwe zimebakiza, na hatua itakayochukuliwa akishindwa.

Tano, mzabuni akiwa shemeji yako, sema wazi mbele ya kamati, kisha utoke nje wenzako waamue. Ni aibu ya dakika tano tu, nayo yaokoa manung'uniko ya miaka.

Sita, mzigo ukifika, fungueni maboksi mbele ya wajumbe. Hesabuni, someni tarehe, andikeni katika leja. Kisichofaa kirudi na gari lile lile. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Pengine wasema, "Hayo ni mambo ya wakubwa wa wilaya." La, ndugu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya ilianza kuingia moja kwa moja katika akaunti ya kituo, na wajumbe wa kamati ni majirani zako. Basi mkutano wa kijiji ukiitwa, simama kwa adabu uulize: mara ya mwisho tuliagiza dawa zipi, zikaja ngapi, na zilizokosekana zilidaiwa? Kamati inayofanya kazi yake itafungua leja na kukujibu papo hapo.