Feza za msitu na mfuko wa makala

Leo sileti habari ya mtu mwingine. Nina deni kwa baba mmoja wa hapa Tenke.

Mwezi wa 11 mwaka 2021, kule Glasgow, serikali yetu ilikubaliana na CAFI, mpango wa kusaidia misitu ya Afrika ya Kati, juu ya dola milioni 500 kwa miaka 5 ya kwanza. Nilisoma habari hiyo kwenye mikro kwa furaha. Kisha nikaongeza maneno yangu: kwamba wachoma makala ndio adui wa msitu, wafukuzwe.

Baada ya siku mbili baba huyo alikuja kunitafuta. Alikimbia vita upande wa Mitwaba pamoja na watoto wake. Hapa hana shamba, na mgodini hakuna aliyemwita. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu: « Mwanangu, kwako munapika bukari na nini? »

Nilinyamaza. Asubuhi ile ile bibi yangu alikuwa amenunua mfuko wa makala kwa mtu wa kinga.

Tuseme ukweli. Likasi, Kolwezi na Lubumbashi zinakula makala kila siku. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yanatoa umeme katika mto Lualaba, nyaya zinaelekea migodini, lakini nyumba nyingi zingali zinapika kwa mbabula. Anayekata mti anakata kwa sababu sisi tunanunua.

Baba yule alinipeleka porini. Alinionyesha mahali alipokata zamani: visiki vimechipua, machipukizi mengine yamenipita kimo. Miti ya miombo ikikatwa vizuri inarudi yenyewe. Kinachoimaliza ni kung'oa visiki, na moto wa mwisho wa kiangazi unaounguza machipukizi. Alinifundisha pia kuhusu tanuru: kuni mbichi zinapoteza moto mwingi kwa kukausha maji, lakini kuni kavu zilizofunikwa vizuri kwa udongo zinatoa makala zaidi kwa miti michache.

Tunaposikia serikali inataka kazi ya misitu iwe ya kisasa, tunafikiri mashine na malori. Malori tuliyaona Katanga. Yalibeba mukula, mti mwekundu, safari ya kwenda China, na vijiji vikabaki na visiki. Kuna njia nyingine. Kule Mampu, kwenye uwanda wa Bateke karibu na Kinshasa, zimepandwa hektari 8,000 hivi za akasia. Familia zinalima muhogo kati ya miti, zinavuna makala, kisha zinaanza tena.

Sheria nayo ipo. Dekreti ya mwezi wa 8 mwaka 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake, hadi hektari 50,000, bila mwisho wa miaka. Lakini ramani na makaratasi yanataka feza, na kijiji hakina. Hapo ndipo dola za Glasgow zingetusaidia. Tena msitu huo unaombwa na wenye nchi kwa desturi. Mkimbizi atasimama wapi? Wakuu wa vijiji wasipokaa naye chini na kupatana ni eneo gani akate na eneo gani aache lichipue, atakata usiku, tena kwa haraka, na mukataji wa haraka hachagui.

Nilirudi kwenye mikro nikasema nilikosea. Sikusema makala ni kitu kizuri. Nilisema mtu anayejua namna msitu unavyorudi asifukuzwe kabla ya kuulizwa.

Baba yule alisikiliza kwa jirani, redio yake haina mawe. Kesho yake alipita na kinga yake na mifuko mitatu, akanisalimu. Nilinunua mmoja. Nilipomlipa alisema: « Sasa wakuu wa vijiji, utawauliza lini? » Tutaanza juma hili.