Picha Yangu, Sura Yangu

Shoga, nikupe kisa? Mwaka juzi shangazi yangu wa Muscat alinitafutia mchumba. Mie mtalaka, miaka 34, mtoto mmoja. Posa kama ile haiji kila siku. "Tuma picha nzuri," akaniambia. Nikajipiga kwa simu, nikaipitisha kwenye programu ya kupamba. Nikatoka mweupe pe, pua nyembamba, kovu la shavuni limeyeyuka.

Dada wa yule bwana akaja Mkokotoni kunitazama. Alinikuta mlangoni nafagia. "Samahani dada, namtafuta huyu," akanionesha simu. Wallahi, nilitamani ardhi ipasuke. "Ndiye mie," nikamjibu. Chai alikunywa, maandazi hakuyagusa. Posa ikafia hapo.

Mama hakunisema. Alifungua kasha lake, akatoa picha ya usichana wake, aliyopiga Capital Art Studio kule Mji Mkongwe, studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Haina rangi, lakini ni Mama yule yule, hadi kidoti cha kidevuni. "Alinigeuza kidogo kwenye mwanga, basi. Hakunifuta, mwanangu."

Mwezi uliopita shangazi akaomba picha tena. Safari hii nilifanya hivi, na wewe waweza. Asubuhi nilikaa nimeelekea dirisha lisilopigwa na jua, taa ya dari nikaizima. Nyuma yangu ukuta mtupu, nikajitenga nao hatua mbili ili kivuli changu kisiugande. Nikafuta kioo cha kamera kwa ncha ya kanga. Simu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai, juu ya ndoo niliyoipindua mezani, ili iwe usawa wa macho. Niliiweka mbali kama mita moja na nusu, maana ukiisogeza karibu na uso, pua huvimba! Nikatumia kamera ya nyuma, nikaitega ijipige baada ya sekunde 10. Mtandio wa rangi moja, wanja kidogo. Nilipiga 20, nikabakisha moja tu, ile niliyocheka Mama aliponitania.

Kovu lipo. Nililipata utotoni, nilipoanguka pwani nikikimbilia mashua za Tumbatu.

Shangazi bado hajaleta jibu, na mie sina haraka. Lakini akibisha mtu hodi safari hii, hataniuliza mimi niko wapi.