Mguu Mmoja, Macho Yamefumbwa

Mwuguzi kijana wa kituo kimoja cha afya upande wa Kabambare aliandika kwenye fishi ya mgonjwa neno moja: amepona. Mgonjwa alikuwa motari aliyeteguka kifundo cha mguu pikipiki ilipomlalia kwenye matope ya barabara ya Kasongo. Uvimbe ulikuwa umekwisha na vidonge vimemalizika. Haukupita mwezi, mguu uleule ukapinduka tena, safari hii akitembea pakavu, hana pikipiki wala mzigo. Kijana huyo alipofika Kasongo kumsalimu mwuguzi mmoja mstaafu aliyemjua tangu utoto, akamsimulia kisa hicho.

“Kabla ya kumruhusu, ulimsimamisha kwa mguu mmoja?” mstaafu akauliza.

“Hapana, Mzee. Hicho ni kipimo cha ugonjwa gani?”

Jibu hilo lilimuuma mzee, na alikuwa na haki, kwa kuwa lilitoka kwa mwuguzi wa Maniema ya kusini, mahali ambapo wauguzi walipata kusifika kwa namna walivyompima mtu. Mzee husema alianza kazi mwaka ule Kongo ilipobatizwa Zaire. Akihesabu tena kwa vidole, husema labda ni mwaka uliofuata. Mradi wa Kasongo, wa madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ulianza 1971, basi tuseme ni miaka hiyo. Wazo la mradi huo lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitenda: kila kituo cha afya kihudumie watu wapatao 10,000, kishikwe na mwuguzi, na mwuguzi huyo awe na hatua zilizoandikwa, uliza hili, gusa pale, ukiona hivi fanya hivi, ukiona vile peleka hospitalini. Miaka ya 1980 nchi nzima ilipogawanywa katika zoni za afya 306, waliofanya kazi Kasongo waliuona mtindo wao umeenea mbali.

Lakini mzee hakuanza kujifunza kifundo cha mguu hospitalini. Alianza kwa mama mmoja aliyekaa karibu na soko, mkandaji wa viungo, ambaye nyumba yake ilijulikana kwa harufu kabla hujaiona. Harufu ya mawese yaliyopashwa moto kwenye kipande cha chungu, majani yaliyopondwa, na moshi wa kuni mbichi ulioshika hata kwenye mkeka. Mgonjwa alikalishwa chini, mguu juu ya paja la mama. Mkono wa kushoto ulipakata kisigino; kidole gumba cha kulia kilipita taratibu mbele ya mfupa wa nje wa kifundo, kikisimama pale mgonjwa alipovuta pumzi. Kisha alikanda kuanzia vidoleni kupanda juu, akafunga kwa kipande cha kitenge kikuukuu, wala hakukaza sana. Wauguzi wengine walimdharau. Mzee, wakati huo kijana mwenyewe, aliona jambo moja ambalo hakulisahau: mama hakumwacha mtu aende zake kwa sababu tu uvimbe umeshuka. Alimwambia achuchumae, ainuke bila kushika ukuta, kisha asimame kwa mguu ule ulioumia huku mama akimtazama vidole vya miguu. Vikicheza sana, mtu aliambiwa arudi kesho. Mama huyo amekwisha kufariki, na pale palipokuwa nyumba yake sasa watu huchaji simu.

Huko Ulaya, watu walikuwa wamefika palepale kwa njia nyingine. Daktari Moritz Romberg wa Berlin, miaka ya 1840, aliandika juu ya wagonjwa walioyumba mara tu walipofumba macho wakiwa wamesimama, kwa kuwa miguu yao ilikuwa haiwapi tena habari ya mahali ilipo. Mwaka 1965 Freeman na wenzake, Uingereza, walikigeuza kipimo hicho kiwe cha mguu mmoja, wakawapima watu walioteguka. Wengi walishindwa kusimama kwa mguu ulioumia kama walivyosimama kwa ule mzima. Maelezo yao yalikuwa kwamba kano likichanika, nyuzi za fahamu zilizomo ndani yake hukatika pia, na kiungo hupoteza hisi ya kujijua kimelala wapi. Waliofanyishwa mazoezi juu ya ubao unaoyumba walilalamika kidogo kuliko wenzao kwamba mguu unawaangusha. Baadaye watafiti walitia ganzi kano hizo za kifundo, wakaona usawa wa mwili hauharibiki kama ilivyotarajiwa. Maana yake misuli na ubongo navyo vina sehemu yao, na ndiyo sababu mazoezi husaidia hata pale kano halirudi kama zamani.

Mzee alifundishwa hayo na kine mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyepita hospitalini kwa muda mfupi, akayashika kwa namna aliyozoea, yaani hatua kwa hatua. Kwanza mfupa. Kanuni zilizotoka Ottawa, Kanada, mwaka 1992 zinataka mgonjwa aweze kupiga hatua 4, hata kwa kuchechemea, na mifupa miwili ya kifundo isiume inapobonyezwa kwenye ukingo wake wa nyuma, sentimita 6 za mwisho. Mfupa ukitiliwa shaka, hakuna kusimamishwa kwa mguu mmoja.

Siku zikipita na mguu ukibeba uzito, ndipo kipimo kinapoanza. Viatu vinavuliwa. Mgonjwa anaanza na mguu mzima, mikono kiunoni, goti la pili limekunjwa bila kuegemea mwenzake, sekunde 30 kwa saa ya mkononi. Halafu macho yanafumbwa. Mpimaji anahesabu makosa: mguu kugusa chini, mkono kuachia kiuno, macho kufumbuka, kiwiliwili kulala upande. Kisha mguu ulioumia, vivyo hivyo.

Hisi ya kiungo hupimwa mgonjwa akiwa amelala, macho yamefumbwa. Hapa mzee ni mkali. Mguu unashikwa ubavuni, kwa vidole viwili, si juu na chini. Ukibonyeza unyayo, ngozi itamnong'oneza mgonjwa kwamba mguu unapandishwa, nawe utadhani kiungo ndicho kilichojua. Unausogeza kidogo, unasimama, unauliza: juu au chini? Unaupeleka mahali, unaurudisha, unamwambia aufikishe palepale mwenyewe. Kwa wachezaji mpira mzee huchora mistari mitatu udongoni, mguu mmoja ukisimama kwenye kiini na wa pili ukinyoosha ncha ya kidole mbali uwezavyo. Katika kipimo kama hicho, kwa wanafunzi wa sekondari wa Marekani waliocheza mpira wa kikapu, tofauti ya zaidi ya sentimita 4 kati ya miguu katika mstari wa mbele iliandamana na majeraha zaidi.

Kisha vikaja vita vya Kongo, ambavyo kila mtu Maniema anavijua. Madaftari yakachomwa, wauguzi wakatawanyika. Baadaye dhahabu ya Namoya iliwavuta vijana Salamabila, wakishuka mashimo yenye kingo telezi, na pikipiki zikachukua nafasi ya baiskeli zilizokuwa zikisukumwa na mizigo mpaka Kasongo. Vifundo vya kuteguka vimeongezeka machoni pa mzee, na upimaji umepungua. Mgonjwa anapewa diklofenaki, anafungwa bandeji ya mpira, anaambiwa atafute picha ya eksirei ambayo yeye hana pesa yake, na picha yenyewe huonyesha mfupa tu. Hakuna picha ya eksirei inayoonyesha kama mguu unajua uliposimama.

Kwa hiyo ombi ni kwa wauguzi wa zoni za Kasongo, Kabambare na Salamabila. Usiandike amepona kabla mgonjwa hajavua viatu. Mpime mguu mzima, mpime ulioumia, andika sekunde na makosa ya kila upande kwenye fishi, na akishindwa mfundishe kusimama hivyo kila siku kando ya ukuta, kisha mwite tena. Kazi yote haifiki dakika 10, na inahitaji saa na sakafu iliyo sawa tu.