London ya Dubu Mwenye Lebo Shingoni

Ukisema unakwenda London na mwenzi wako, kila mtu atakutajia Big Ben na maduka ya Oxford Street. Nendeni, hakuna ubaya. Lakini wekeni kando siku moja kwa ajili ya dubu.

Mimi na mume wangu tulimkuta stesheni ya Paddington, jukwaa namba 1. Ni sanamu ya shaba, kazi ya Marcus Cornish, na ipo hapo tangu mwaka 2000. Michael Bond ndiye aliyemtunga, kwenye kitabu A Bear Called Paddington cha mwaka 1958. Dubu huyu katoka Peru peke yake, kajificha melini, maana shangazi yake aliyemlea ameingia makao ya wazee huko Lima. Shingoni ana lebo inayoomba mtu amtunze. Familia ya Brown inamwona stesheni, inamchukua nyumbani. Basi.

Kumbe mwanzoni Bond alitaka atoke Afrika! Wakala wake, Harvey Unna, akamwambia Afrika haina dubu. Tulicheka sana.

Lakini ile lebo si mchezo. Bond aliwakumbuka watoto waliohamishwa London wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia Septemba 1939, kila mmoja na kijisanduku na lebo yake. Na yule mzee Gruber wa kitabuni, muuza vitu vya kale wa Portobello Road? Ni mkimbizi, na Bond alimchora kwa mfano wa Unna mwenyewe, aliyeukimbia utawala wa Wanazi Ujerumani.

Portobello nendeni Jumamosi, soko linapochangamka. Kisha pandeni treni ya Hammersmith & City pale Ladbroke Grove, inakwenda moja kwa moja hadi Liverpool Street. Nje ya stesheni kuna Hope Square, yaani Uwanja wa Matumaini. Hapo kuna sanamu za watoto wenye mabegi. Kati ya Desemba 1938 na Septemba 1939, watoto wapatao 10,000, wengi wao Wayahudi, waliletwa Uingereza bila wazazi wao. Wengi hawakuwaona tena. Frank Meisler, aliyezitengeneza sanamu hizo mwaka 2006, alikuwa mmoja wao.

Binti yetu ana miaka minne. Tulikuwa tumemwacha Tanga kwa bibi yake kwa wiki mbili tu, na kila jioni tulimpigia simu.

"Mke wangu, wewe ungeweza kumpandisha treni?" mume wangu akaniuliza.

"Kama kubaki ni kufa, ningempandisha," nikamjibu. "Ila mimi ningebaki maiti inayotembea."

Tukakaa kimya. Halafu tukazungumza jambo ambalo kwa miaka saba ya ndoa hatukuwahi kuligusa: sisi tukiondoka duniani, mwanetu atatunzwa na nani? Nyinyi mmeshaulizana? Wapenzi wengi tunapanga harusi, kiwanja na gari, hili tunaliruka kama mkosi.

Nakwambia, halikuchukua hata dakika kumi. Kila mmoja alitaja jina lake, na majina yakalingana: dada yangu mkubwa. Tuliporudi Dar tulimwendea na zawadi ya chai, tukamwomba rasmi. Alilia kwanza, ndipo akasema ndiyo.