Michopo yenye numero



Michopo sisi wote tunaijua: nyama ya mbuzi yenye kuchomwa juu ya makala, kitunguu na pilipili pembeni. Huku kwetu Ruashi watu wanafuata jina ya mwenye kuchoma. Yaya wangu anachoma vizuri (mimi ndugu yake ninasema, lakini ni kweli!), ila watu banapita paka kwa ule mwenye jina.

Musikilize basi. Kule Marekani, mu Kansas City, iko restora moja, leo inaitwa Joe's. Ilifunguliwa 1996 mahali pa kuuzia mafuta ya motokari. Mbele ya pale, wenyewe walikuwa wanashindana tu kuchoma nyama, na 1993 walishinda shindano kubwa la American Royal. Mu mashindano ya namna ile, nyama inafika kwa waamuzi ndani ya kisanduku chenye numero. Jina hakuna! Watu sita banaonja, banaandika alama za sura, za ulaini na za butamu. Butamu inahesabiwa zaidi.

Ninaomba kwa wakubwa wa masomo: siku ya feti ya mwisho wa mwaka, tuite wachomaji wa Ruashi, sahani zikuwe na numero tu. Yaya amekwisha kukubali. Ule mwenye jina bado hajajibu.